Likizo ya ghafla: panda gari la 309, shuka Jozani

Mdogo wangu yuko nyumbani wiki ya tatu sasa. Chuo chake kiko Bara, jina naliacha. Tarehe ya kufungua imeshasogezwa mara mbili, na mara zote mbili begi lilikuwa tayari limefungwa, liko mlangoni. Mchana analala. Jioni utamkuta Jaws Corner, kikombe cha kahawa mkononi, anasikiliza watu wazima wakiipanga na kuipangua serikali. Usiku ni simu mpaka bando liishe. Mama anasema kijana kawa mvivu. Mimi nasema si mvivu hata kidogo, anasubiri tu, na kusubiri kunachosha kuliko kulima.

Leo naomba niseme yangu kuhusu hizi likizo zisizo na tarehe. Ni mtazamo tu, ruksa kunipinga.

Kwanza tusijifanye ni jambo geni. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akatangaza kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao karibu 400. Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge, alikuwa mmojawapo. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na haikuchukua muda mlimani pakawaka: UDSM ilifungwa Aprili 2007, ikafungwa tena Novemba 2008, na mara zote mbili mgogoro ulikuwa nani alipiwe na kwa asilimia ngapi. Wazanzibari waliokuwa wakisoma kule walivuka bahari na mabegi yao, wakaja kukaa barazani kama mdogo wangu anavyokaa leo.

Halafu ikaja 2020. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa skuli kwa siku 30, kesho yake vyuo navyo vikaingizwa humo. Siku 30 zikaisha, kimya. Ramadhani ikaanza, kimya. Hadi 21 Mei ndipo Rais John Magufuli akasema vyuo vifunguliwe 1 Juni. Hesabu mwenyewe: siku 75, na tarehe ya kurudi ilijulikana zikiwa zimebaki 11.

Hapo ndipo ninapoona tatizo lilipo. Mwanafunzi aliyeambiwa "una miezi miwili na nusu" angepanga kitu. Aliyeambiwa "subiri tutakutangazia" hapangi, kwa sababu kila Ijumaa anaamini Jumatatu anaondoka. Kazi ya siku moja anaiona ndogo mno, ya miezi miwili anaiona kubwa mno. Anabaki katikati, na siku 75 zinamwishia mikononi.

Na ushauri tunaopewa ndio unazidi kutuvuruga. Wakati ule wa korona nadhani kila mmoja wenu alitumiwa ile habari ya Isaac Newton: mwaka 1665 Cambridge ilifungwa kwa sababu ya tauni, kijana akaenda kwao Woolsthorpe akavumbua mambo makubwa, je wewe umefanya nini? Jamani! Newton alikuwa kwenye mali ya mama yake, shamba na nyumba ya mawe. Sijasikia kama kuna mtu aliyemwita kila nusu saa akakune nazi. Halafu waandikao habari hiyo husahau jambo moja, kwamba hesabu zile alishaanza kuzihangaikia kabla hajaondoka chuoni. Alikwenda nyumbani na swali mkononi. Wewe umerudi na desa za kufotokopi na begi la nguo chafu, halafu unaambiwa uvumbue kitu kabla ya futari.

Ushauri wa pili ni vyeti vya mtandaoni. Chukua kozi hii, chukua ile, vyeti kumi, wasifu unenepe. Sivikatai. Aliye na umeme, kompyuta na bando la kutosha, afanye. Lakini nimekaa na watu wanaoajiri, katika hii kazi yangu ya kuuliza maswali, na sijamsikia hata mmoja akisisimka kwa cheti cha saa nne. Wanachouliza ni kimoja: umewahi kufanya nini wewe mwenyewe, tuonyeshe.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Chagua kazi inayofanyika kwa vipande vya siku moja moja, kiasi kwamba ukiitwa chuoni kesho, kile ulichokwisha kukikusanya leo kina maana tayari. Na chagua kazi ambayo inataka mtu awepo pale pale, kila siku, kwa sababu hiyo ndiyo mali pekee uliyo nayo wewe ambayo profesa wako hana. Yeye ana vitabu, wewe una asubuhi zako zote.

Mfano wangu ni Jozani.

Wengi wenu mnaijua kwa safari ya skuli: basi, sare, mwalimu anapiga kelele, kima wawili watatu, soda, nyumbani. Basi. Ni kilomita 35 hivi kutoka Mjini, na wanafunzi wa SUZA na wa Chuo Kikuu cha Zanzibar, wote walioko Tunguu, wako zaidi ya nusu ya njia. Gari la 309 la Jambiani linapita, la 310 la Makunduchi linapita. Msitu wenyewe pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na mwaka 2016 UNESCO ikauingiza katika orodha yake ya hifadhi hai duniani. Mle anaishi kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele kama ameamka sasa hivi. Hapatikani porini popote duniani isipokuwa kwetu.

Punju, kama mnavyojua, ni sumu. Wazee walimwita hivyo kwa kuamini kwamba ana sumu, mbwa akimla ananyonyoka manyoya. Na wakulima wa pembeni ya msitu hawakuwa na mapenzi naye, maana anaingia mashambani anakula vidaka. Mkulima anatazama mnazi wake, kima yuko juu, vidaka vinadondoka. Unadhani atasemaje? Kwamba huyu mnyama ananitia umasikini.

Miaka ya 1990 watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, waliamua kulipima jambo hilo. Walichofanya ukikisikia utacheka kwa urahisi wake: walihesabu. Kima wanakula vidaka vingapi, mnazi unazaa nazi ngapi mwishoni, hapa na pale, mwezi baada ya mwezi. Matokeo yao yalitoka mwaka 1999. Pale kima walipokula vidaka vingi zaidi, mavuno ya nazi hayakuwa madogo, yalikuwa makubwa zaidi. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvikuza, na kima akipunguza vilivyozidi ni kama anaupogoa. Sisemi kwamba mkulima alikuwa mwongo. Alichokiona alikiona kweli. Ila alikuwa anatazama vinavyodondoka, na hakuna aliyekuwa akiandika vinavyobaki.

Ni hivyo hivyo kuhusu mkaa. Kima punju wanakula mkaa! Watoto wa vijiji vile wanawaona wakichukua vipande kwenye matanuri na kwenye visiki vilivyoungua. Waliokaa na kufuatilia walieleza kwamba majani ya mkungu na mwembe wanayoyapenda yana kemikali zinazoleta shida tumboni, na mkaa huzinasa. Mtoto wa Pete aliyaona yale kabla ya mtafiti yeyote. Hakuwa na daftari tu.

Na idadi yao je? Kwa miaka mingi ilidhaniwa wamebaki wachache sana. Baadaye watafiti wa shirika la WCS wakazunguka kisiwa kwa miguu, kundi kwa kundi, wakaja na makadirio ya zaidi ya 5,800, kama mara tatu ya ilivyokuwa ikidhaniwa. Hawakutumia uchawi. Walitembea.

Sasa narudi kwako, ndugu yangu mwenye begi mlangoni. Sikuambii uende ukahesabu kima elfu tano. Nakuambia kwamba sehemu kubwa ya elimu hii imetoka kwa watu kukaa mahali pamoja wakaandika walichokiona, tarehe, saa na mahali. Kuna mambo mangapi ya namna hiyo kusini ya Unguja ambayo hakuna anayeyaandika? Barabara inayopita Pete iliwekwa matuta kwa ajili ya kima waliokuwa wanagongwa, na vifo vilipungua, havikuisha. Kaa pale asubuhi mbili uone magari gani yanapunguza mwendo na yapi yanaruka. Ukirudi chuoni baada ya siku nne, una siku nne. Ukirudi baada ya 40, una kitu ambacho hata wanaopanga barabara wangependa kukisoma. Bahari ya Paje na Jambiani ina wanawake wanaolima mwani tangu mwaka 1989, na wanajua ni mwezi gani ulianza kufa kwa joto. Wanajua kwa kichwa. Anayesoma sayansi ya bahari akakaa na mmoja wao kila bamvu, akaandika, huyo likizo yake haikupotea.

Mimi likizo ile ya 2020 ilinikuta mwaka wa pili, nikapelekwa Kitogani kwa bibi, kwa sababu Mjini kulikuwa na hofu. Nilinunua daftari la kwaya tatu. Wala sikuwa na mpango wowote mkubwa. Bibi alikuwa ananituma kuni, na kila nikileta ananiambia huu si wenyewe, huu moto wake hauna nguvu. Nikaanza kuandika majina. Mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi: mimi hiyo yote nilikuwa naiita "mikoko" na nimemaliza. Yeye alikuwa na kazi ya kila mmoja, gome la upi linatia rangi, upi unafaa boriti, upi ukiupika nao moshi wake unakutoa machozi. Kutoka kwenye miti nikaingia kwenye maneno ya Kikae ambayo baba yangu mwenyewe hayatumii tena. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limetoa kamusi ya Kimakunduchi, na ya Kipemba na ya Kitumbatu pia, lakini nakuhakikishia bibi alikuwa na maneno ya kunichekea ambayo sikuyakuta kokote.

Lile daftari ndilo lililonipa makala yangu ya kwanza ya kulipwa. Ilikuwa juu ya boriti. Unajua kwa nini vyumba vya nyumba za zamani za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba? Kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina mwisho wake. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti. Nilikulia katika nyumba hizo, nikalijua hilo Kitogani, kwa bibi, kwenye kuni!

Hapa niseme na nyinyi mliobaki Mjini, maana si kila mtu ana bibi shamba. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafariki. Jengo tulilopigia picha za Idi tangu utotoni. Watu wakaanza kutafuta picha za ndani, ngazi zilikuwaje, milango ilikuwaje. Wangapi kati yetu tulikaa siku 75 mita mia tatu kutoka pale, mwaka ule ule? Mtaa wako una nyumba inayopasuka sasa hivi. Ina mlango, ina jina la aliyeijenga, ina mzee wa pembeni anayejua nani aliishi chumba gani. Piga picha, andika tarehe. Simu ile ile.

Najua mtakavyonijibu. La kwanza ni pesa. Bumu likikatika, mwanafunzi si mwanafunzi tena, ni mtu asiye na nauli, na wengine nyumbani wanategemewa. Ndege za watalii ziliposimama Machi 2020, baba zetu na kaka zetu walio hotelini na kwenye kutembeza wageni walirudi nyumbani mikono mitupu, na Jozani kwenyewe, ambako sehemu ya kiingilio cha wageni huenda vijijini na kwa wenye mashamba wanayoingia kima, mgeni hakuna, kiingilio hakuna. Katika hali hiyo kijana akienda kuuza urojo au kubeba tofali, huyo anaitumia likizo vizuri kuliko mimi na daftari langu, na asije mtu na habari za Newton kumsumbua. Ninachoweza kumwambia ni kwamba hata kibandani pana cha kuandika. Bei ya muhogo leo, kesho, wiki ijayo. Anayesoma uchumi akija na bei za miezi miwili za soko moja, alizoziandika kwa mkono wake, ana data ambayo hakuiomba kwa mtu.

La pili linanigusa zaidi na silisikii likisemwa. Sisi wanaume tukirudi nyumbani tunakuwa wageni. Dada zetu wakirudi wanakuwa wafanyakazi. Nimewaona wasichana wa mwaka wa tatu, wenye utafiti wa kuandika, wanaosha vyombo vya watu kumi na wawili kabla na baada ya futari, na kaka mtu, aliyefeli masomo mawili, anaulizwa taratibu kama amepumzika vya kutosha. Likizo ya ghafla ikizidi miezi miwili, mmoja anarudi chuoni amechoka na mwingine anarudi amenenepa, halafu mtihani ni mmoja. Wazee mnaosoma humu, na najua mpo, mpeni binti yenu saa tatu za asubuhi ambazo hakuna anayemwita. Saa tatu tu. Na kaka mtu sufuria anaijua, hata kama anajifanya haijui.

Nimeulizwa pia kama hii si kuwabebesha wanafunzi mzigo wa waliofunga vyuo. Aliyefungiwa chuo kwa mgogoro wa mkopo ana haki ya kukasirika, na akitaka kuitumia likizo yake kuandika barua kwa mbunge au mwakilishi wake, aandike, tena kwa wingi. Daftari halimzuii. Ila hasira isiyo na kazi ya kufanya nimeiona inakoishia: inakaa Jaws Corner, inaagiza kikombe cha pili.

Sasa ya vitendo, kwa mtakaokwenda. Kijijini kwanza muone sheha, mwambie wewe ni nani na unaandika nini, hata kama shangazi yako anaishi pale. Ndani ya hifadhi usianze "utafiti" wako kienyeji: kuna kiingilio, kuna watembezaji wanaoujua msitu kuliko kitabu, na utafiti rasmi una kibali chake. Kandoni mwa barabara na kwenye mashamba ya jamaa zako hakuna anayekukataza kutazama. Kima usimpe chakula na usimkaribie, magonjwa yetu yanamuua. Ukimuuliza mzee jambo, msomee ulichoandika kabla hujaondoka. Bibi alinisahihisha mara nyingi sana, na mara moja alikataa kabisa nisiandike, nikafuta.

Ondoka na gari la mapema, asubuhi kima wanakuwa chini chini na jua bado halijawapandisha kivulini. Kama ni masika vaa viatu vya kulowa, msitu wa Jozani unajaa maji mpaka kwenye mizizi. Na chukua penseli, si kalamu ya wino. Kurasa zangu 11 za kwanza za mwezi wa nne 2020 ni bluu tupu.